Soketi ya antena kwenye king'amuzi imelegea au imeng'oka: mwongozo kamili wa kuitengeneza

Kazi hii inaonekana ndogo, na ndiyo maana watu wanaiharibu. Soketi ya antena imelegea, picha inaganda kila mtu akigusa meza. Mwenye king'amuzi anafungua boksi, anapaka risasi juu juu, anafunga. Siku nne baadaye yuko palepale. Mwingine anaing'oa soketi kwa koleo, inatoka na njia ya shaba, ule mstari wa bodi unaopitisha umeme, na sasa hakuna tena pa kuchomelea.

Jirani yangu aliniletea king'amuzi alichokuwa amekwisha kukitibu mwenyewe kwa gundi ya maji, ile inayogandisha vidole. Soketi ilishika barabara, haikutikisika hata kidogo. Ila gundi ilikuwa imetiririka mpaka ndani ya tundu la kati na kuacha ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Plagi inaingia vizuri, haigusi kitu. Kuchomelea soketi nyingine kulinichukua dakika kumi. Kukwangua gundi kulinichukua saa nzima. Kwa hiyo kabla hatujaenda popote: weka gundi mbali.

Mwongozo huu ni wa king'amuzi cha antena, hasa vile vinavyorekodi kwenye flashi. Kurekodi ndiko kunakoumbua soketi mbovu. Ukiwa umekaa unatazama, picha ikiganda sekunde moja unavumilia. Ukirekodi mechi ukaikuta imekatika dakika ya 70, huvumilii. Wenye king'amuzi cha dishi hatua ni hizihizi, isipokuwa sehemu mbili nitakazozitaja njiani.

## Andaa vifaa kwanza

Usianze kufungua kitu kabla hivi havijakaa mezani:

- Solda ya umeme ya wati 60 yenye ncha bapa. Ukiwa na nyingine ya wati 25 au 30 kwa ajili ya pini ya kati, vizuri zaidi. Ya wati 30 peke yake haitoshi, na sababu utaiona hatua ya nne.
- Waya wa risasi ya 60/40 wenye unene wa milimita 0.8 au 1, ule wenye dawa ndani yake.
- Flaksi ya mafundi redio, inayotokana na utomvu wa msonobari. Usichukue ile ya kuchomelea mabati na mabomba. Ina asidi, itakula shaba ya bodi polepole.
- Pampu ya kunyonyea risasi, au utambi wa shaba.
- Mita yenye mlio wa kupimia waya.
- Bisibisi ya nyota, koleo la kukatia lenye ncha, kibano, wembe, kijiti cha meno cha mbao.
- Spiriti na mswaki wa zamani.
- Soketi nyingine. Usihangaike kutafuta mpya. Fundi yeyote mtaani ana ving'amuzi vilivyokufa vimerundikana, na soketi zake ni nzima. Nenda na king'amuzi chako mkononi ulinganishe.
- Rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5. Hii ni kwa ajili ya usalama wako.

Kama king'amuzi bado kina waranti, au kile kibandiko kwenye skrubu hakijachanwa, simama hapo. Rudisha ulikonunua. Ukikichana, waranti imekwenda.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba mgonjwa ni soketi

Wengi wanaruka hapa, na ving'amuzi vingi ninavyoletewa vina soketi nzima kabisa. Kilichokufa ni waya au plagi.

Washa king'amuzi, ingia kwenye menyu, fungua ukurasa unaoonyesha mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Tazama zaidi ule wa ubora. Shika plagi yenyewe kwa vidole viwili, isukume taratibu juu, chini, kushoto, kulia. Mstari ukiruka ruka, tatizo liko kwenye soketi au kwenye plagi.

Sasa iache plagi itulie. Ishikilie isitembee kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili utikise waya sentimita 20 nyuma yake. Mstari ukiruka hapa, ni waya au ndani ya plagi. Fungua plagi uangalie. Mara nyingi utakuta unywele mmoja wa shaba ya nje umejikunja na kugusa shaba ya kati. Unywele mmoja unatosha kuua mawimbi yote. Au utakuta shaba imekuwa nyeusi au ya kijani kwa sababu maji ya mvua yameteremka ndani ya waya kutoka juu. Kata sentimita kadhaa hadi ufikie shaba inayong'aa, kisha funga plagi upya.

Baada ya hapo azima waya mwingine unaojua ni mzima, chomeka, rudia. Tatizo likibaki, ndipo useme ni soketi.

Bado usishike bisibisi. Mulika tochi ndani ya soketi. Lile tundu dogo la kati limetengenezwa kwa vibati viwili vinavyobana pini ya plagi. Mtu akishachomeka kitu kinene, hata siku moja tu, vinapanuka na havirudi. Chomoa king'amuzi kwenye umeme, chukua sindano, isukumize kati ya kibati na plastiki nyeupe inayokizunguka, ukibane kuelekea ndani kidogo upande huu na upande ule. Ikikubali, kazi imeisha bila kufungua chochote.

Dalili ya mafanikio: una uhakika kwamba waya mzima na plagi nzima vinaleta tatizo lilelile, na tundu la kati halijapanuka.

## Hatua ya 2: Kata umeme, subiri, fungua

Chomoa ukutani. Kuzima kwa rimoti si kuzima.

Geuza king'amuzi uangalie nyuma. Kama kinatumia adapta ya nje ya volti 12 au 5, ndani hakuna cha kukuumiza. Kama waya wa ukutani unaingia moja kwa moja ndani ya boksi, basi pawa saplai iko ndani, na hapo uwe makini. Umeme wa volti 230 ukishapita kwenye daraja la dayodi unajaza kapasita moja nene, yaani kikopo kinachohifadhi umeme, mpaka karibu volti 325. Kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Utaitambua: ndiyo kubwa kuliko zote kwenye bodi na kwa kawaida imeandikwa 400V au 450V.

Ukishafungua mfuniko, usiguse upande huo. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja, kipimo cha juu, pima kati ya miguu miwili ya kapasita. Ukikuta zaidi ya volti 10, shika rezista kwa koleo lenye mpini wa plastiki, igusishe kwenye miguu yote miwili kwa sekunde tano, pima tena. Wapo wanaogusisha bisibisi tupu. Inapiga cheche, inachoma njia za shaba, na siku nyingine inaua dayodi. Balbu ya zamani yenye waya wa kung'aa ndani inafanya kazi ya rezista vizuri. Hizi taa za kisasa za kubana matumizi hazifai.

Toa skrubu za bodi. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote mdogo unaounganisha bodi na vitufe vya mbele. Utaishukuru picha hiyo.

Dalili ya mafanikio: kapasita inasoma chini ya volti 10, na bodi imetoka nzima, unaweza kuigeuza tumbo juu.

## Hatua ya 3: Soma bodi kabla ya kuichoma

Hapa kaa. Usiwe na haraka.

Soketi ina sehemu mbili zilizochomelewa. Kuna miguu, yaani vile vibati viwili au vinne vinavyotoka kwenye mwili wa soketi na kupenya bodi. Hiyo ndiyo inayobeba nguvu zote za plagi inapochomekwa na kuchomolewa. Na kuna pini ya kati, sindano moja nyembamba inayopeleka mawimbi kwenye tyuna, sehemu inayochagua chaneli. Pini haikuumbwa kubeba uzito. Miguu ikilegea, uzito wote wa waya unahamia kwenye pini, nayo inang'oka na njia yake ya shaba. Ugonjwa karibu kila mara huanzia kwenye miguu.

Safisha upande wa chini kwa spiriti na mswaki. Washa kamera ya simu, ikuze, tazama risasi inayozunguka kila mguu huku mkono mwingine ukiitikisa soketi pole pole. Unatafuta duara jembamba kama unywele linalouzunguka mguu, kijivu kwenye risasi. Ukiitikisa soketi, mguu unacheza ndani ya duara hilo kama jino bovu. Huo ni ufa.

Utakachokuta ni moja kati ya haya:

Ufa kwenye miguu tu. Una bahati. Nenda hatua ya 4, kisha ruka hadi ya 8.

Soketi imevunjika mwili, imepinda, au tundu la kati limezama ndani. Inabadilishwa. Nenda hatua ya 5.

Njia ya shaba imenyanyuka au imekatika. Badilisha soketi, kisha hatua ya 7.

Kuna weusi, harufu ya kuungua, au kidude kidogo kilichopasuka karibu na soketi. Hiyo ni radi, au shoti. Tyuna yenyewe inawezekana imekwenda. Usipoteze risasi yako hapo.

Kabla ya kuwasha solda, chukua kipimo kimoja ambacho karibu kila mtu anakisahau. Weka mita kwenye omu, pima kati ya pini ya kati na mwili wa soketi, andika namba kwenye karatasi. Baadhi ya tyuna zina koili ndogo inayoshuka kutoka kwenye pini hadi kwenye bati, kwa hiyo mita italia hata kila kitu kikiwa kizima. Usipojua bodi yako ilikuwa inasoma nini mwanzo, mwisho utadhani umepiga shoti wakati hujapiga, au utadhani uko salama kumbe umepiga.

## Hatua ya 4: Kufufua miguu yenye ufa

Sasa ile habari ya wati 60. Miguu ya soketi imechomelewa kwenye eneo pana la shaba, lile la ardhi ya bodi, na mwili wa soketi nao ni chuma. Vyote viwili vinanyonya joto. Solda ndogo ikigusa hapo inapoa papo hapo. Risasi mpya inayeyuka kwenye ncha ya solda, inadondokea juu ya ile ya zamani, inaganda, inaonekana nzuri. Chini yake ufa uko vilevile. Hiyo ndiyo kazi inayorudi baada ya siku nne.

Tena, risasi ya kiwandani siku hizi haina madini ya risasi ndani yake, nayo inayeyuka kuanzia karibu nyuzi joto 217. Yako ya 60/40 inayeyuka chini ya 190. Ukizichanganya, mchanganyiko unayeyuka kwa urahisi kuliko ile ya kiwandani peke yake. Ndiyo sababu tunaongeza risasi hata pale tunapotaka kuitoa.

Fanya hivi:

1. Nyonya risasi nyingi ya zamani kwenye mguu mmoja. Si lazima itoke yote.
2. Paka flaksi.
3. Weka ubapa wa ncha ya solda uguse mguu na shaba ya bodi kwa pamoja. Hesabu moja hadi tatu bila kuongeza kitu.
4. Lisha waya wa risasi kwenye mguu, upande usiogusana na solda. Risasi ifuate joto la mguu, si joto la solda.
5. Ikishatanda kote, toa waya kwanza, kisha solda. Usipulize. Usiitikise bodi kwa sekunde tano.

Ukiona umefika sekunde nane na risasi bado ni uji, ondoa solda, acha bodi ipoe dakika moja, anza upya. Kuikandamiza solda kwa hasira hakuongezi joto; kunang'oa shaba.

Tazama umbo. Kiungo kizuri kinateremka kutoka kwenye mguu hadi kwenye shaba kama kitambaa cha hema kinavyoshuka kwenye nguzo, na kinang'aa. Kibaya kinakaa duara kama tone la maji juu ya jani la gimbi: kimekalia shaba, hakijaishika.

Dalili ya mafanikio: miguu yote iking'ang'anizwa kwa kidole, bodi nzima inasogea na soketi. Hakuna kinachocheza peke yake.

Malizia kwa kuipitia pini ya kati kwa solda ndogo, sekunde mbili tu. Hata kama haina ufa unaoonekana, imebeba uzito usio wake kwa muda.

## Hatua ya 5: Kutoa soketi iliyovunjika

Usiivute. Nitarudia kwa sababu hapa ndipo bodi nyingi zinapofia: usiivute. Soketi yenye miguu minne huwezi kuiyeyusha yote kwa wakati mmoja kwa solda moja. Ukiyeyusha wa nne, wa kwanza umekwisha kuganda, na ukiivuta inaondoka na shaba.

Soketi imeshaharibika, huna haja ya kuihurumia. Ikate vipande. Kwa koleo la kukatia, tenganisha mwili na mguu mmoja mmoja upande wa juu wa bodi, kisha kata pini ya kati karibu na mwili. Sasa una vijiti vitano vilivyosimama kila kimoja peke yake. Ongeza risasi mpya na flaksi kwenye kimoja, kiyeyushe, kitoe kwa kibano bila nguvu. Kikikataa, hakijayeyuka, ongeza joto, si nguvu. Nenda kwenye kinachofuata.

Kama mwili ni mnene na koleo haliukati, kuna njia ya pili. Jaza risasi nyingi kwenye mguu mmoja mpaka iwe tuta, nyonya yote kwa pampu, usukume mguu kushoto na kulia ndani ya tundu lake hadi uwe huru, kisha hamia mwingine. Ni polepole, lakini inafika.

Kwenye ving'amuzi vya zamani soketi haikai kwenye bodi. Imebanwa moja kwa moja kwenye kopo la bati la tyuna. Hiyo usiitoe. Kama imevunjika kabisa, soma mwisho wa hatua ya 7.

## Hatua ya 6: Safisha matundu, pandisha nyingine

Matundu yaliyobaki yameziba kwa risasi. Yeyusha upande wa chini kwa solda, na kutokea juu sukuma kijiti cha meno. Toa solda, subiri ipoe, zungusha kijiti, kitoke. Mbao haishikani na risasi. Usitumie sindano ya chuma, inaweza kushikamana, na wala usitoboe kwa drili: ukuta wa tundu umepakwa shaba inayounganisha juu na chini ya bodi, na drili itaila.

Jaribu soketi mpya bila kuchomelea. Iingie yenyewe hadi ikalie bodi. Ikiwa miguu haiko sawa na matundu kwa nusu milimita, inyooshe kwa koleo. Ikiwa tofauti ni zaidi ya hapo, si soketi yako. Rudi kwa fundi ukatafute nyingine. Angalia pia kwamba boksi lenye matundu mawili, la kuingiza na la kutoa, hujachanganya. La kuingiza limeandikwa RF IN au ANT IN na lina tundu la kati. La kutoa kwa kawaida lina pini iliyotokeza.

Mpangilio wa kuchomelea una maana:

Kwanza mguu mmoja tu. Kisha irudishe bodi ndani ya boksi na ujaribu kama soketi inatokea katikati ya tundu la bati la nyuma. Ikipinda, yeyusha mguu huo mmoja na uinyooshe. Ukishachomelea yote minne, nafasi hiyo hauna tena.

Kisha mguu wa upande wa pili kwa mshazari, halafu iliyobaki.

Pini ya kati iwe ya mwisho kabisa. Ukianza na pini halafu ukailazimisha soketi ikae sawa kwa miguu, pini inabaki imejivuta, na ufa utaanzia hapo.

Wenye dishi, hii ndiyo sehemu ya kwanza niliyosema nitaitaja: soketi yenu ina nyuzi za skrubu. Watu wanaikaza kwa spana na mwili mzima unazunguka, miguu inakatika. Soketi mpya ikishakaa, kaza kwa vidole tu.

## Hatua ya 7: Njia ya shaba ikiwa imekatika

Hapa kuna kosa moja kubwa. Mtu anaona njia imekatika, anachukua kipande cha waya wa simu cha sentimita sita, anaunga pini ya kati na tyuna kwa kukizungusha juu ya bodi. Mita inalia. Televisheni haioni chaneli hata moja, au inaona chache, na anaapa kwamba tyuna imekufa.

Mita inapima umeme wa betri. Mawimbi ya televisheni yanaanzia megahezi 470 na kwenda juu, na kwenye megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa sentimita 50. Waya wa sentimita sita ulio uchi ni zaidi ya sehemu ya kumi ya wimbi. Hapo huna tena waya wa kuunganisha. Una antena ndogo ndani ya boksi, inayookota kelele za pawa saplai na kupoteza mawimbi yako.

Kwa hiyo: kwa wembe, kwangua rangi ya kijani kwenye ncha ya njia iliyobaki, milimita mbili au tatu, mpaka shaba ya waridi itokee. Paka flaksi, ipake risasi nyembamba. Chukua unywele mmoja wa shaba, ulaze juu ya njia ileile ilikokuwa, usiupandishe hewani, uuchomelee ncha zote mbili. Urefu wa daraja hilo la shaba usizidi milimita tano.

Fuata njia kwa macho kwanza. Kati ya pini na tyuna mara nyingi kuna kapasita ndogo kama punje ya mchele. Usiiruke. Kazi yake ni kuzuia umeme wa moja kwa moja usiingie kwenye tyuna huku ikiruhusu mawimbi yapite.

Kama ni shaba ya mguu iliyonyanyuka, kwangua eneo la ardhi jirani yake, ulaze mguu juu yake, uuchomelee upana.

Na kwa kopo la tyuna lililovunjika soketi: chukua kipande cha waya wa antena chenye soketi mwisho wake, sentimita 15. Menya upande mmoja. Shaba ya kati iliyo uchi isizidi milimita tano, iende kwenye pini. Shaba ya nje isukwe na kuchomelewa kwenye bati la kopo pande mbili, si upande mmoja. Funga waya huo kwenye mwili wa boksi kwa kamba ya plastiki ili mvuto usifike kwenye risasi. Haipendezi kwa macho, ila inashika mawimbi.

## Hatua ya 8: Pima kabla ya kuwasha

Safisha flaksi kwa spiriti. Tazama kwa kamera kama kuna utando wa risasi kati ya pini na mguu.

Kisha rudi kwenye ile karatasi ya hatua ya tatu. Pima pini ya kati na mwili wa soketi. Namba ifanane na ya mwanzo. Kama mwanzo mita haikulia na sasa inalia, umepiga shoti, usiwashe.

Sababu ya kuwa mkali hapa: ving'amuzi vingi vya antena hupeleka volti 5 kupitia soketi hiyohiyo kwa ajili ya antena zenye kikuza mawimbi. Ukiwasha na shoti, umeme huo unaishia kwenye bodi yako. Kwa wenye dishi, na hili ndilo la pili, soketi yenu hupeleka volti 13 au 18 hadi juu ya paa. Shoti hapo inaua saketi ya pawa kwa sekunde.

Pima na mwendelezo wa miguu: kila mguu na bati la tyuna, mita ilie bila kusita.

## Hatua ya 9: Washa na ujaribu kwa rekodi

Rudisha bodi na skrubu zote, hasa ile iliyo karibu na soketi. Hiyo si pambo. Ndiyo inayosaidia kubeba msukumo wa plagi. Nimefungua ving'amuzi kadhaa vyenye ufa kwenye soketi nikakuta fundi aliyetangulia alibakiwa na skrubu moja mkononi.

Washa. Kama antena yako ina kikuza mawimbi, nenda kwenye mipangilio uhakikishe umeme wa antena umewashwa. Kama antena ni ya kawaida, uzime. Tafuta chaneli upya.

Fungua ukurasa wa mawimbi, tikisa plagi kama ulivyofanya hatua ya kwanza. Mstari wa ubora utulie. Halafu chomeka flashi, rekodi dakika 30 za chaneli iliyokuwa inasumbua, na katikati ya rekodi gusa meza, sogeza waya, fanya fujo za kawaida za nyumbani. Itazame rekodi yote. Isipoganda popote, soketi imepona.

## Hatua ya 10: Waya usining'inie tena

Soketi haikuvunjika yenyewe. Angalia nyuma ya meza: waya mnene wa antena, ule wa karibu milimita saba, unashuka kutoka dirishani na kupinda ghafla kuingia kwenye king'amuzi. Waya huo ni mgumu, unajaribu kunyooka usiku na mchana, na kila mara unausukuma mwili wa soketi upande mmoja.

Upigilie klipu ukutani au kwenye mguu wa meza kabla haujafika kwenye king'amuzi, kisha acha mzunguko wa nusu mita uliolegea. Bora zaidi, malizia waya mnene kwenye kiungio ukutani, na kutoka hapo tumia kipande chembamba laini hadi kwenye boksi. Nje ya dirisha, acha waya ushuke chini kidogo ya tundu kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke pale chini badala ya kuufuata hadi kwenye plagi.

Na king'amuzi kivutwe mbele mpaka mahali ambapo plagi haigusi ukuta. Upana wa vidole vinne unatosha.